Dimensia ya Miili ya Lewy: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Yanayotokea Ubongoni na Wakati Dalili Zinapojitokeza

Familia nyingi zinazomuuguza mtu mwenye dimensia hii, yaani maradhi yanayodhoofisha uwezo wa kufikiri, huuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: kwa nini dalili hii ilitangulia na ile ikachelewa, na je, ugonjwa ulikuwapo muda gani kabla ya mtu yeyote kuutambua? Majibu yafuatayo yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali zisizo za kawaida, na pale jibu moja linapotegemea jingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Miili ya Lewy ni nini?

Ni mabonge madogo yanayojijenga ndani ya seli za neva, na sehemu yake kubwa ni protini iitwayo alfa-sinukleini. Protini hiyo si sumu kwa asili yake. Kila ubongo wenye afya unayo, hasa kwenye ncha za seli zinapopashana habari. Tatizo huanza inapopoteza umbo lake, ikashikamana na nyingine zilizoharibika, kisha ikazivuta zilizo nzima ziharibike vilevile.

Mabonge hayo yana jina la Fritz Lewy, tabibu wa Kijerumani aliyeyaeleza mwaka 1912 alipokuwa akichunguza ubongo wa watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Parkinson. Jina lenyewe lilitolewa na Konstantin Tretiakoff mwaka 1919, naye ndiye aliyeonyesha umuhimu wa substansia nigra, yaani kiini chenye rangi nyeusi katika shina la ubongo kinachotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo. Ilipofika mwaka 1976, daktari Kenji Kosaka wa Japani alianza kueleza wagonjwa wa dimensia ambao miili hiyo ilikuwa imeenea hadi kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Kabla ya hapo wengi hawakuiona huko, kwa kuwa miili ya Lewy ya kwenye gamba haina mduara mweupe unaoizunguka ile ya kwenye shina la ubongo, na kwa rangi za maabara za zamani ilikuwa rahisi kuipita. Tangu mwaka 1997, alfa-sinukleini ilipotambuliwa kuwa ndiyo kiini cha mabonge hayo, maabara zimeweza kuyatafuta kwa uhakika zaidi.

2. Kuna tofauti gani kati ya dimensia yenye miili ya Lewy na dimensia ya ugonjwa wa Parkinson?

Tofauti inayotumiwa na madaktari ni ya kalenda. Iwapo matatizo ya fikra yalitangulia dalili za mwendo (kutetemeka, ukakamavu wa misuli na uzito wa kutenda), au yalijitokeza ndani ya mwaka mmoja tangu dalili hizo zianze, ugonjwa huitwa dimensia yenye miili ya Lewy. Iwapo mtu aliishi na Parkinson iliyokwisha kuthibitika kwa zaidi ya mwaka mmoja ndipo dimensia ikamfika, huitwa dimensia ya ugonjwa wa Parkinson. Hali zote mbili kwa pamoja ndizo zinazoitwa dimensia ya miili ya Lewy.

3. Je, mpaka huo wa mwaka mmoja unaonekana ndani ya ubongo?

Hapana. Mpaka huo uliwekwa na wataalamu katika makubaliano ya mwaka 1996, ukaendelezwa katika marekebisho ya mwaka 2005 na ya 2017, ili madaktari na watafiti waweze kuzungumza lugha moja. Mtaalamu anayechunguza ubongo baada ya kifo, akipewa vipande vya ubongo bila historia ya mgonjwa, mara nyingi hawezi kusema kwa hakika ni ipi kati ya hali hizo mbili. Ziko tofauti za wastani: mabaka ya amiloidi, yale yanayojulikana zaidi kutokana na ugonjwa wa Alzheimer, huwa mengi zaidi kwa waliopata dimensia mapema, ilhali upotevu wa seli za substansia nigra huwa mkubwa zaidi kwa walioanza na Parkinson. Hata hivyo tofauti hizo huingiliana sana kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine.

Kwa hiyo familia isisumbuke ikiwa daktari mmoja ameandika jina hili na mwingine lile. Jina linaeleza mlango ambao ugonjwa ulipitia. Chumba ulimoingia ni kilekile.

## Mpangilio wa dalili na maeneo ya ubongo

4. Ugonjwa huanza lini hasa?

Huanza miaka mingi kabla ya siku ambayo familia huitaja kuwa ndiyo mwanzo. Siku hiyo kwa kawaida ni ile mtu alipopotea njia aliyoizoea, alipoona watoto wasiokuwapo chumbani, au aliposhindwa kupanga hesabu zake. Ukiuliza kwa subira utasikia mengine: kufunga choo kwa muda mrefu, kutonusa chakula kikiungua, kizunguzungu anaposimama, huzuni au wasiwasi uliokuja bila sababu, na usingizi wa fujo. Dalili hizi hutokana na maeneo ya mwili na ubongo ambayo mara nyingi huguswa mapema, yaani neva za utumbo na moyo, vifundo vya neva za kunusia vilivyo chini ya ubongo, na sehemu ya chini ya shina la ubongo.

Hata hivyo kufunga choo au kutonusa kuna sababu nyingi mno, na mtu mwenye dalili moja kati ya hizo asijihukumu. Uzito wake huonekana zinapokusanyika pamoja, na zaidi ya zote pale inapokuwapo dalili inayoelezwa katika swali la 5.

5. Mgonjwa wetu alikuwa akipiga ngumi na kupiga kelele usingizini miaka mingi kabla ya kuugua. Je, kuna uhusiano?

Upo, na ni miongoni mwa uhusiano ulio imara kabisa katika somo hili. Mtu mwenye afya anapoota, kundi dogo la seli katika shina la ubongo hulegeza misuli yake ili asitende anachokiota. Alfa-sinukleini inapoharibu seli hizo, breki hiyo hukatika, na mtu hupigana, hukimbia au huzungumza kwa sauti kufuatana na ndoto. Mwenzi wake wa kitandani ndiye shahidi wa kwanza, na mara nyingi ndiye anayeumia.

Utafiti mkubwa uliohusisha vituo vya nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watu wenye tatizo hili lililothibitishwa katika maabara ya usingizi walipata ugonjwa wa Parkinson, dimensia au ugonjwa wa jamii hiyo kwa kiwango cha takriban asilimia 6 kila mwaka, na kwamba baada ya miaka 12 karibu robo tatu yao walikuwa wameupata. Mwaka 2017 tatizo hili liliingizwa katika dalili kuu nne za utambuzi, pamoja na fikra kubadilikabadilika, maruweruwe ya kuona, na dalili za mwendo. Daktari asipoliuliza, familia ilitaje yenyewe, hata kama lilikwisha kutulia, kwa sababu kwa baadhi ya watu hupungua kadiri ugonjwa unavyoendelea.

6. Nimesoma kwamba ugonjwa hupanda kutoka chini ya ubongo kwenda juu kwa hatua sita. Je, ni kweli?

Mpangilio huo ulipendekezwa mwaka 2003 na Heiko Braak na wenzake wa Ujerumani. Katika maelezo yao, hatua ya 1 na ya 2 hugusa vifundo vya kunusia na sehemu ya chini ya shina la ubongo. Hatua ya 3 hufikia substansia nigra. Hatua ya 4 huingia katika maeneo ya hisia na kumbukumbu. Hatua ya 5 na ya 6 huenea katika gamba la ubongo. Ukilinganisha na dalili, mpangilio huo unaeleza vizuri safari ya mtu anayeanza na kufunga choo na usingizi wa fujo, akafuatiwa na mtetemeko, kisha dimensia miaka mingi baadaye.

Haufai kwa kila mtu. Wapo ambao ugonjwa wao hukolea kwenye amigdala, kitovu cha hisia kilicho ndani ya sehemu ya pembeni ya ubongo, wakati shina la ubongo likiwa halijaguswa sana, na jambo hili hutokea hasa kwa wenye ugonjwa wa Alzheimer pia. Wapo ambao gamba na shina huonekana kushambuliwa karibu kwa wakati mmoja. Hawa ndio wanaopata dimensia mapema. Katika miaka ya karibuni watafiti wamependekeza kwamba ziko njia mbili, moja inayoanzia mwilini, hasa utumboni, na kupanda kwa kufuata neva ya vagasi, na nyingine inayoanzia ubongoni kwenyewe. Anayepitia njia ya mwilini hutarajiwa kuwa na usingizi wa fujo na matatizo ya choo na shinikizo la damu muda mrefu kabla ya mwendo wake kubadilika. Anayepitia njia ya ubongoni huweza kuanza na mwendo, hayo mengine yakafuata. Pendekezo hili bado linajadiliwa. Binafsi naliona kuwa la thamani kwa kuwa linatambua kile ambacho familia zimekuwa zikikisema siku zote, kwamba wagonjwa wawili wenye jina moja la ugonjwa hawakuanza pamoja.

7. Kwa nini kumbukumbu yake bado ni nzuri, lakini hawezi kuvaa shati wala kupanga jambo?

Kwa sababu hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya, huumia kwa kiasi kidogo mwanzoni ikilinganishwa na hali ilivyo katika ugonjwa wa Alzheimer. Picha ya MRI mara nyingi huonyesha kwamba eneo hilo halijasinyaa sana, na hilo lenyewe huwasaidia madaktari katika utambuzi. Kinachotangulia kudhoofu ni umakini, upangaji wa mambo, na uwezo wa kutambua umbo na nafasi ya vitu. Mtu atakumbuka jina la mjukuu na tarehe ya harusi, lakini mikono ya shati itamchanganya, au atashindwa kukadiria kina cha ngazi. Vipimo vinavyotegemea kukumbuka maneno pekee vinaweza kumpa alama nzuri na kumchelewesha.

8. Kwa nini maruweruwe hujitokeza mapema, na kwa nini huwa ni watu au wanyama wanaoonekana wazi?

Uchunguzi wa ubongo baada ya kifo umehusisha maruweruwe yaliyoanza mapema na wingi wa miili ya Lewy katika sehemu ya pembeni ya ubongo, hasa amigdala na maeneo yanayotambua sura na vitu. Inashangaza kwamba eneo la nyuma ya kichwa, ambalo hupokea picha kutoka machoni, kwa kawaida huwa na miili ya Lewy michache; hata hivyo picha zinazopima matumizi ya sukari ubongoni huonyesha kwamba eneo hilo linafanya kazi kwa unyonge. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba linakosa ishara za kutosha, zikiwamo zile za asetilikolini, kemikali inayosaidia ubongo kuwa macho na makini. Jicho huleta habari pungufu, na maeneo ya kutambua sura hujaza pengo kwa kitu kamili: mtoto, paka, mgeni aliyeketi kimya.

Jambo hili lina matokeo ya kitabibu. Seli zinazotengeneza asetilikolini huharibika mapema katika ugonjwa huu, mara nyingi zaidi kuliko katika ugonjwa wa Alzheimer, huku gamba linalopokea kemikali hiyo likiwa bado na uhai. Ndiyo maana dawa kama rivastigmini na donepezili, ambazo huzuia asetilikolini isivunjwevunjwe upesi, huweza kupunguza maruweruwe na kuinua umakini kwa wagonjwa wengi.

9. Jana alizungumza vizuri kabisa, leo hamjui mtu. Je, ubongo umeharibika zaidi usiku mmoja?

La. Seli hazifi na kufufuka kwa siku moja. Kubadilika huku ni kazi ya mifumo inayoamsha ubongo, yaani shina la ubongo, thalamasi na seli za asetilikolini, ambayo inafanya kazi kwa kukatikakatika. Hakuna hesabu ya miili ya Lewy inayolingana na siku mbaya. Hili ni jambo la kuwaeleza ndugu wanaomtembelea mgonjwa siku nzuri na kudhani kwamba anayemtunza anatia chumvi. Wote wawili wameona kweli.

10. Je, mtu anaweza kuwa na dimensia hii bila kutetemeka?

Anaweza. Dalili za mwendo huonekana baada ya sehemu kubwa ya ncha za seli za dopamini kupotea, na ikiwa substansia nigra haijafikia hapo wakati gamba limekwisha kuumia, mtu huwa na dimensia na mwendo wake ukabaki karibu na wa kawaida. Baadhi hawapati dalili za mwendo za wazi maisha yao yote. Kwa wanaozipata, ukakamavu na uzito wa mwendo huwa wa kawaida zaidi kuliko mtetemeko.

## Kasi ya ugonjwa na maradhi yanayochanganyika

11. Ubongo wake ulikutwa na alama za Alzheimer pia. Ni ugonjwa gani basi uliomuua fikra?

Yote mawili, kwa kusaidiana. Zaidi ya nusu ya watu wenye dimensia yenye miili ya Lewy huwa pia na mabaka ya amiloidi, na wengi wana nyuzi za protini ya tau, kwa kiwango chenye uzito. Mchanganyiko huu ndio ufunguo mkubwa wa swali la wakati. Utafiti wa mwaka 2017 uliochunguza ubongo wa watu 213 waliokuwa na maradhi ya miili ya Lewy ulikuta kwamba kadiri alama za Alzheimer zilivyokuwa nyingi, ndivyo muda kati ya dalili za mwendo na dimensia ulivyokuwa mfupi, na ndivyo maisha yalivyokuwa mafupi.

Tau ina athari nyingine inayowapotosha madaktari. Inapoenea sana, sura ya ugonjwa huelekea kufanana na Alzheimer: kusahau huwa mbele, maruweruwe huwa machache, na miili ya Lewy hukaa bila kutambuliwa hadi kifo. Ndiyo sababu vigezo vya uchunguzi wa ubongo vya mwaka 2017 humtaka mtaalamu apime maradhi yote mawili kwa pamoja, kisha aseme uwezekano ni mkubwa kiasi gani kwamba dalili alizokuwa nazo mtu zilitokana na miili ya Lewy.

12. Je, umri na urithi hubadilisha muda huo?

Ndiyo. Aliyepata Parkinson akiwa na umri mdogo kwa kawaida huishi miaka mingi kabla ya dimensia, ilhali aliyeipata uzeeni huifikia upesi, na ubongo wake mara nyingi hukutwa na amiloidi zaidi. Uchunguzi wa muda mrefu uliofanyika Sydney ulikuta kwamba miongoni mwa wagonjwa wa Parkinson waliokuwa hai baada ya miaka 20, asilimia 83 walikuwa na dimensia. Kwa upande wa urithi, mabadiliko katika jeni la GBA huharakisha dimensia kwa wenye Parkinson, aina ya jeni la APOE iitwayo e4 huongeza hatari, na familia chache zenye nakala za ziada za jeni la alfa-sinukleini huugua mapema na kwa ukali. Wagonjwa walio wengi, hata hivyo, hawakurithi ugonjwa kwa njia ya moja kwa moja.

13. Je, miili ya Lewy ikiwa mingi, dalili huwa kali zaidi?

Kwa wastani, kuenea kwake katika gamba huambatana na dimensia, lakini uhusiano huo ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Miongoni mwa wazee waliokufa wakiwa hawana dalili yoyote ya neva, takriban mmoja kati ya kumi hukutwa na miili ya Lewy. Huenda baadhi yao walikuwa mwanzoni mwa safari, na wengine ubongo wao uliweza kuivumilia. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya alfa-sinukleini iliyoharibika haimo katika mabonge yanayoonekana. Imo katika chembe ndogo sana kwenye maungio ya seli, na huko ndiko mawasiliano yanakovurugika kwanza. Ni afadhali kuuliza ni wapi na ni mtandao upi ulioguswa kuliko kuhesabu mabonge.

## Utambuzi na hali zisizo za kawaida

14. Je, vipimo vinaweza kuonyesha haya mtu angali hai?

Kwa sehemu, na kila kipimo kina saa yake. Kipimo cha usingizi huweza kuthibitisha kukatika kwa breki iliyoelezwa katika swali la 5 miaka mingi mapema. Picha ya neva za moyo huweza kuonyesha hitilafu kabla ya dimensia. Picha ya visafirisha dopamini huonyesha upungufu pale substansia nigra inapokuwa imeguswa; ikifanywa mapema mno kwa mtu wa aina iliyotajwa katika swali la 10, inaweza kuwa ya kawaida, na matokeo hayo hayafuti ugonjwa. Vipimo vipya vya maji ya uti wa mgongo na vya ngozi hugundua alfa-sinukleini iliyoharibika yenyewe, lakini kuikuta hakusemi dalili zitaanza lini.

15. Alipata mkanganyiko mkubwa baada ya upasuaji, akapona, kisha dimensia ikafuata baada ya miaka. Je, upasuaji ndio ulioisababisha?

Uwezekano mkubwa ni kwamba ulifichua kilichokuwapo. Ubongo ambao akiba yake ya asetilikolini imepungua huyumba kwa urahisi ukikutana na dawa za usingizi, maambukizi au homa. Wataalamu walioandika vigezo vya kitafiti vya hatua za awali mwaka 2020 walitaja milango mitatu ya kuingilia: udhaifu mdogo wa fikra, mkanganyiko wa ghafla, na ugonjwa wa akili wa uzeeni kama sonona kali au saikosisi, yaani kupoteza uhusiano na uhalisia. Mtu anayepata mkanganyiko wa namna hiyo mara kwa mara bila sababu ya kutosha anastahili kuchunguzwa kwa jicho hili.

16. Kwa nini dawa za kutuliza saikosisi ni hatari hata pale ambapo hajawahi kuwa na dalili za mwendo?

Kwa sababu mfumo wa dopamini unaweza kuwa umedhoofika kimyakimya. Dawa kama haloperidoli huzuia vipokezi vya dopamini, na ubongo ambao ulikuwa ukijikimu kwa akiba ndogo hubaki bila kitu. Mtu huweza kukakamaa ghafla, kushindwa kumeza, kusinzia kupita kiasi, hata kufa. Katika dharura za usiku, hospitalini, hili ndilo jambo la kwanza ambalo familia inapaswa kulisema: huyu anashukiwa kuwa na dimensia ya miili ya Lewy. Wasingoje dalili za mwendo zionekane ndipo waliseme.

17. Inawezekanaje ugonjwa uenee ubongo mzima huku mtu akiwa bado anafanya kazi?

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwigizaji Robin Williams wa Marekani, aliyefariki Agosti 2014. Alikuwa ameambiwa kuwa ana ugonjwa wa Parkinson miezi michache tu kabla. Uchunguzi wa maiti ulionyesha miili ya Lewy iliyoenea kwa wingi ubongoni. Mjane wake ameeleza hadharani dalili zilizotangulia: wasiwasi mzito, matatizo ya tumbo na choo, kupungua kwa uwezo wa kunusa, na kukosa usingizi. Ukizitazama sasa, zinalingana na yaliyoelezwa katika swali la 4. Zilipotokea, kila moja ilionekana kuwa tatizo lake lenyewe.

18. Amedhoofika ghafla ndani ya wiki moja. Je, ndio ugonjwa umefikia hatua mpya?

Usikubali maelezo hayo kabla ya kutafuta mengine. Kuenea kwa alfa-sinukleini hupimwa kwa miaka, na kuporomoka kwa wiki moja karibu kila mara kuna chanzo kingine: maambukizi ya njia ya mkojo au ya mapafu, kufunga choo kwa siku nyingi, upungufu wa maji mwilini, anguko lililoleta damu ndani ya fuvu, au dawa mpya, zikiwamo za mzio na za kibofu ambazo huzuia asetilikolini. Vyanzo hivi vingi vinatibika, na mgonjwa huweza kurudi karibu na hali aliyokuwa nayo, ingawa huenda ikamchukua wiki kadhaa.